Ng'ombe Akitishwa Hubana Maziwa

Mama mkwe wangu alifika kwetu Pasiansi, Mwanza, siku ya tisa tangu nijifungue. Alishuka kwenye basi la Ngudu na jogoo aliyefungwa miguu, michembe ya viazi vitamu nusu gunia, mfuko wa karanga, na chupa ya samli iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akanawa mikono, akaingia chumbani, akamfunua mtoto, akamtazama miguu kwanza, halafu masikio, halafu uso. "Wabeja, mayo," akaniambia kwa Kisukuma. Asante, mama. Basi. Akatoka, akatandika mkeka sebuleni na kuanza kumenya karanga zake.

Hakuulizia maziwa. Alikuwa mtu wa kwanza ambaye hakuuliza.

Mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia. Alikuja siku ya pili kutoka kisiwani Ukerewe kwa meli ya Nansio, safari ya kama saa tatu ambayo yeye huimaliza kimya, hali wala hapigi soga. Yuko hivyo tangu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza. Akishakanyaga nchi kavu ndipo ulimi unafunguka, na siku hiyo ulifunguka na swali moja: "Yanatoka?"

Kwa mama yangu, maziwa ya mzazi hutoka ziwani. Kila alfajiri alikwenda Kirumba, Mwaloni, akarudi na sato mmoja au wawili ambao dakika chache nyuma walikuwa bado wanapiga mkia. Hanunui samaki kabla hajamfunua shavu aone wekundu, na jicho lazima liwe limetuna. Supu yake haina mbwembwe: maji, chumvi, tangawizi iliyotwangwa, nyanya moja, pilipili manga, ndimu mwishoni kabisa. Mafuta hapana. Sangara alimkataa katakata, eti ana mafuta mengi na tumbo la mzazi bado ni kidonda. Nilimwambia mimi natamani kichwa cha sangara tu, chenye yale mashavu laini, nikikumbuka jinsi minofu inavyosafirishwa Ulaya na sisi tulioko ufukweni tunagombea vichwa na mapanki na kuona tumepata. Akasema nitakula kichwa nikishafikisha arobaini.

Saa moja asubuhi supu. Saa nne uji wa ulezi. Saa saba ugali wa muhogo na sato aliyebaki. Saa kumi jirani yetu Mchaga analeta mtori. Jioni supu tena. Katikati ya hapo nikandwe tumbo kwa kitambaa na maji ya moto, maji ambayo mama anayaita ya uvuguvugu na mimi nayaita ya kuchinjia kuku. (Wakunga hawayapendi haya mambo ya kukandwa na maji yanayochemka, na mimi niko upande wao, lakini jaribu wewe kumwambia mama yako.) Baba wa mtoto alihamishiwa kwenye kochi la sebuleni kwa sababu ambayo kila mtu mzima anaijua na hakuna aliyeitaja. Siku tatu za likizo ya baba zinazotolewa na sheria zilikuwa zimeisha zamani, tukiwa hata kufunga nepi hatujajua.

Kila sahani iliyofika ilikuja na maneno yale yale. Kula, maziwa yashuke. Kunywa, maziwa yajae. Maliza, mtoto anakutegemea. Hakuna aliyesema kula kwa sababu una njaa, na mimi nilikuwa na njaa ambayo sijawahi kuijua maishani. Nilikula kama mtu anayelipa deni.

Na deni la mtoto halilipiki.

Siku ya ishirini na nane tulikwenda kliniki. Binti yangu alizaliwa na kilo 3.1. Mizani ikasema 3.3. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, na kufikia wiki mbili anatakiwa awe amerudisha uzito wa kuzaliwa na kuendelea kupanda. Wangu alikuwa anapanda kama bodaboda yenye abiria watatu kwenye mlima wa Bugando. Aliyempima aliandika kwenye kadi, akanitazama kifua, akasema bila kuinua sauti, "Maziwa yako mepesi wewe, hayamtoshi." Akaita jina linalofuata. Sitaitaja kliniki. Ninachokumbuka ni kwamba nilitembea hadi kituoni na mwanangu mgongoni, nikapishana na daladala mbili bila kuzisimamisha.

Nyumbani habari ilienea kabla sijavua viatu, na ikaleta wageni, na wageni wakaleta dawa. Mpe maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, mimi wangu wote wanne wamekulia hayo. Mpe maji kidogo, Mwanza hii joto. Mpe uji mwepesi, pitisha kwenye chujio. Huyu analia njaa. Mbona mdogo hivi? Baba yake alikuwa hivi? Walikuja na sabuni za kufulia, sukari, kanga, na mapenzi ya kweli, hilo sikatai. Lakini mtoto alipita mkono kwa mkono kama bakuli la sadaka, na akirudi kwangu analia, macho sita yananitazama nikimnyonyesha. Nilimfunika na kanga, nikainama juu yake, nikamwondoa titi hili nikampa lile kabla hajamaliza, ilimradi waone ananyonya, ilimradi anyamaze.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake, anamenya karanga. Aliangalia siku nzima jinsi mtu anavyoangalia zizi.

Usiku, wageni walipokwisha, akamwita mwanawe akae karibu, halafu akanigeukia mimi. "Mayo, ukimkamua ng'ombe huku mbwa anabweka na watoto wanarusha mawe, atakupa nini?"

Sikujibu.

"Hakupi kitu. Anabana. Maziwa anayo, yamejaa, lakini anabana."

Mume wangu alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Mimi ni mhasibu, nina shahada, nimekaa na matiti yanayouma na kadi ya kliniki inayonishtaki, na mama wa mume wangu ananilinganisha na ng'ombe mbele yake. Nililia usiku ule, na sikulia kwa sababu ya mtoto.

Asubuhi mkeka haukuwepo sebuleni. Ulikuwa barazani, umetandikwa kizingitini kabisa, na juu yake mama mkwe na karanga zake. Kila aliyekuja alisalimiwa vizuri, asubuhi "Mwangaluka," mchana "Mwadila," akapewa mkono, akaulizwa habari za nyumbani, akapokelewa alichobeba, akaambiwa: "Wamelala." Saa tatu asubuhi tumelala. Saa nane mchana tumelala. Shangazi mmoja wa mume wangu alitoka Igoma na daladala mbili na hotipoti ya pilau. Pilau ikaingia ndani, shangazi akarudi Igoma. Mpaka leo hilo linasimuliwa kwenye vikao vya ukoo, na anayesimulia si mimi.

Mama yangu aliona aibu. Ukerewe mgeni hageuzwi mlangoni, hasa aliyekuja kuona mtoto. Mabibi wawili wakaanza kuongea kwa adabu ya kupita kiasi, ile ya "mama mwenzangu" kila baada ya maneno matatu, na mimi chumbani nikijua kabisa kwamba hapo pana ugomvi. Uliisha kwa jogoo. Jogoo wa Ngudu alikuwa amefungwa nje chini ya dirisha langu tangu siku ya tisa, akisubiri mabibi wakubaliane achinjwe lini, na alikuwa anawika saa tisa za usiku, mtoto anashtuka, titi linamponyoka, tunaanza upya. Mama yangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya upole sana, "Mama mwenzangu, na huyu naye si anamtisha ng'ombe?" Mama mkwe akafikiri. Saa sita mchana tulikuwa tunakunywa supu yake, imepikwa na samli, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Siku ya arobaini na mbili mizani ilisema kilo 3.9.

Sitaki kumpa mama mkwe sifa zote. Siku zile za katikati nilikwenda kituo kingine, na huko nikamkuta nesi mtu mzima, wa kukaribia kustaafu, ambaye hakutazama kadi kwanza. Alisema, "Mnyonyeshe nione." Akaona mwanangu anashika chuchu tu, mdomo nusu. Akanionyesha nisubiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha nimlete yeye kwenye titi badala ya kumfuata na titi, mpaka ile sehemu nyeusi iingie karibu yote. Akanikataza kubadilisha haraka. Maziwa ya mwanzo ya kila mnyonyo ni mepesi, mafuta huongezeka kadiri titi linavyopungua, kwa hiyo mtoto anayeondolewa mapema hunywa maji mengi na shibe kidogo. Akaniambia nihesabu nepi: kuanzia sita zilizolowa kwa siku, tulia. Na supu? Nilimuuliza. Akasema supu ni nzuri, mwili wa anayenyonyesha unadai maji na chakula zaidi, lakini kinachoagiza maziwa ni mtoto mwenyewe. Akinyonya sana, hasa usiku, homoni ya prolaktini hupanda na yanatengenezwa zaidi. Kuyasukuma yatoke ni kazi ya nyingine, oksitosini. "Hiyo ya pili ina aibu," alisema. "Ukiogopa, ukiona haya, ukiumia, inakimbia."

Nikarudi nyumbani nikiwa na jina la kitaalamu la kile nilichoambiwa kwenye mkeka.

Tangu hapo nilianza kumsikiliza mama mkwe kwa sikio jingine. Nikakumbuka siku ya kwanza, hata kabla hajafika. Mwanamke wa kitanda cha jirani wodini alikuwa amenishauri nikamue nimwage yale maziwa ya njano, eti yamekaa muda mrefu kifuani, machafu. Mume wangu alimpigia mama yake kumuuliza. Jibu lilisikika wodi nzima: "Dang'a? Mnataka kumwaga dang'a? Ndama asiyenyonya dang'a tunamfukia!" Mwanamke yule alimsogeza mwanawe kifuani palepale. Kule wodini hapakuhitajika bango wala semina. Mtu aliyekulia kwenye maziwa hahitaji kuambiwa kwamba yale ya kwanza ni kinga.

Na mama yangu naye ana kalenda yake, ila hiyo inatoka juu ya maji. Kutoka dirishani kwetu, mawe yakikuachia nafasi, unaliona ziwa. Saa nane usiku, mtoto titini, nilikuwa nazitazama taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga gizani kama mtaa mwingine wa Mwanza ambao mchana haupo. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukijaa mwanga unatapakaa ziwa lote, taa haina maana, wavuvi hupumzika siku kadhaa na bei Mwaloni inapanda. Kwa hiyo mama hununua dagaa wakati wa giza, anawachambua mchanga, anawaanika tena mwenyewe juu ya bati, anaweka akiba ya mbalamwezi. Usiku mmoja wa mwezi mpevu alinikuta nimesimama dirishani, ziwa jeupe, hakuna taa hata moja. "Hata wavuvi wamelala," akasema. "Nipe huyo." Akamchukua, akamfunga kifuani kwa kanga, na mimi nililala saa nne mfululizo kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Niliamka matiti yamekuwa mawe. Huo nao ukawa usiku mmojawapo ambao maziwa yalikuwa tele, na hapakuwa na supu.

Mama alirudi Ukerewe baada ya arobaini. Mama mkwe akakaa wiki mbili zaidi, akatuachia jina. Sisi tulikuwa na jina letu la kwenye cheti, lakini yeye alimwita Kabula, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na mtaani hakuna anayelijua lile la cheti. Mimi ni Mama Kabula hata kwa muuza mkaa.

Siku themanini na nne za likizo ya uzazi ni nyingi ukiziandika kwa tarakimu, 84. Ukiziishi ni fupi kuliko wiki ya mtihani. Februari nilirudi kazini, Buhongwa, upande mwingine kabisa wa jiji. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na ofisi yetu haikunikatalia. Ilinipa. Ila kutoka Buhongwa hadi Pasiansi kwa daladala, foleni ya katikati ya mji ikiwa na hali nzuri, saa mbili zinaisha njiani na mtoto hujamwona. Aliyeniajiri alinionyesha stoo ya vifaa. Ina mlango wenye kitasa, boksi za karatasi za fotokopi, na mende mmoja ninayemfahamu. Huko ndiko nilikotakiwa kukamua.

Nilinunua pampu ya mkono. Siku ya kwanza nilikaa dakika arobaini juu ya boksi, nikapata maziwa ya kufunika tako la kikombe. Siku ya pili nusu ya hayo. Nje ya mlango watu wanauliza stepla iko wapi. Matiti yamejaa mpaka makwapani, nayasikia, na hayatoki. Nyumbani dada alikuwa anampa Kabula maziwa niliyokusanya alfajiri, yanaisha saa tano asubuhi, na kutoka hapo hadi nirudi jioni ni kilio. Wale waliopendekeza maziwa ya ng'ombe ya kuchanganya na maji walianza kupiga simu tena.

Safari hii nilimpigia Ngudu mimi mwenyewe. Nikamweleza mama mkwe kila kitu, stoo, mende, stepla. Alinyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Ndama wako yuko wapi ukikamua?"

"Nyumbani, mama."

"Sasa nani alikwambia ng'ombe atashusha bila ndama?"

Akanieleza kitu ambacho mume wangu, mwanawe, hakuwa anakijua. Ng'ombe wa kwao huwezi kumfuata na kibuyu ukamkamua hivi hivi. Ndama hutangulia, ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, ndipo unamvuta pembeni na kukamua huku anamwona. Na ndama akifa? Hapo, alisema, zamani walikuwa wanamchuna, wanaikausha ngozi, wanaijaza majani, wanamwekea mama yake mbele. Ananusa, analamba, anashusha. "Si kwamba hajui amekufa," alisema mama mkwe. "Anajua. Lakini mwili wake hauna haja ya kujua."

Kesho yake niliingia stoo na shati la Kabula alilolala nalo, halijafuliwa, linanuka maziwa ya kucheua na yale mafuta ya nazi tunayompaka kichwani. Nilifunga mlango. Nikaweka shati begani, pale anapolaza kichwa, nikageuzia uso huko, nikafumba macho. Nilijiona mjinga kupindukia. Halafu nikasikia ule mchomo, kama sindano nyingi ndogo zinazoamka kwa pamoja, na kikombe kikaanza kujaa upande ninaokamua na upande mwingine ukaanza kulowanisha blauzi.

Niliyapeleka nyumbani kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, maana kwa joto letu maziwa hayo hayapaswi kukaa nje zaidi ya saa nne. Sikumwambia mtu ofisini lile shati la kwenye droo ni la nini. Kila Jumatatu naleta jingine.

Mei Kabula alifikisha miezi sita, na hapo ndipo ukaja mjadala wa pili wa mabibi, wa kwenye simu, kuhusu nini kitangulie mdomoni. Huo niuharakishe, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kuamua. Rafiki mmoja alituletea unga wa lishe wenye vitu tisa: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, dagaa, na vingine vimenitoka. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuona meno, aliufungua akaunusa akaufunga. "Karanga zimeoza humu." Sikubisha. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ndiko sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inakopenda kukaa, na ukishavisaga pamoja huwezi tena kuchambua kibovu. Kabula alianza na vijiko viwili vya uji wa ulezi mtupu, mzito wa kushika kwenye kijiko bila kuchuruzika. Halafu viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilivyopondwa na maziwa yangu mwenyewe. Wiki zilizofuata sato aliyechambuliwa miiba kwa vidole vya bibi mmoja, na dagaa wa akiba ya mbalamwezi, wamekaangwa bila mafuta, wamesagwa unga, kijiko cha chai ndani ya uji. Alichokipenda kuliko vyote ni tobolwa gumu, kipande cha kiazi kilichochemshwa kikakaushwa, alilompora bibi yake mkononi na kulitafuna kwa fizi nusu saa nzima bila kulipunguza.

Wiki iliyopita mwenzangu wa dawati la pembeni, ambaye mimba yake sasa haifichiki, alikuwa anatafuta stepla akafungua droo yangu. Akatoa shati dogo la njano lenye doa begani, akalinusa, akakunja uso.

"Dada, hili mbona hujafua?"

"Lirudishe," nikamwambia. "Hiyo ni ngozi ya ndama."

Alinitazama kama vile mimi nilivyomtazama mama mkwe usiku ule. Nikafunga hesabu niliyokuwa nafanya, nikachukua ufunguo wa stoo, nikamwambia twende nimwonyeshe boksi lipi halibonyei ukikalia.